Unyayo Nyuma ya Karatasi ya Mizani

Jina "dubu" nililileta mimi pale laini, yaani kwenye safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba. Naanza na hilo kwa sababu nimesikia kisa hiki kikisimuliwa na watu wengi, waliokuwepo na wasiokuwepo, na kila mmoja ana mtu wake anayemtaja kuwa ndiye aliyelianzisha. Ni mimi. Nilikuwa na umri wa miaka 11, darasa la tano, na mwaka ulikuwa 1984, ule wa njaa.

Baba alikuwa karani wa mizani katika shamba moja la chai kusini mwa Kapsabet, pale chai inapokoma na msitu wa Nandi Kusini unapoanza. Hapakuwa na ua katikati. Mstari wa mwisho wa chai, njia ya trekta, halafu miti. Laini yetu ilikuwa na Waluhya kama sisi, Wajaluo, Wakisii na Wanandi wenyeji, na lugha iliyotukutanisha sote kwenye bomba la maji ilikuwa Kiswahili. Mwaka huo masika yalipita bila mvua. Chai isiponyeshewa hulala. Machipukizi yanakuwa madogo na magumu, na mtu anazunguka kutwa nzima na kapu mgongoni akitafuta cha kuchuma. Mama mmoja jirani yetu, aliyezoea kupima kilo thelathini na kitu, alikuwa akipima kumi na mbili. Baba aliandika kumi na mbili bila kumwangalia usoni.

Mahali pekee palipokuwa na unyevu ni kitalu cha miche kando ya msitu. Miche ilikuwa kwenye mifuko ya plastiki, chini ya kivuli cha nyasi, na ilimwagiliwa kila jioni hata watu walipopanga foleni ya maji. Mlinzi wa kitalu alikuwa mzee wa Kinandi ambaye sote tulimwita Boiyot, yaani mzee. Alikuwa na koti refu la mvua, rungu, na tochi ambayo betri zake alizianika juani mchana ili zipate nguvu kidogo usiku.

Asubuhi moja ya Agosti, kabla hakujapambazuka vizuri, alibisha mlango wetu.

"Chamgei, Karani."

"Chamgei, mzee. Kuna nini?"

"Usiku kuna mnyama amekuja kitaluni. Sina jina lake."

Maneno hayo nayakumbuka yalivyo. Alikuwa amezaliwa na kukulia ukingoni mwa msitu ule, ametundika mizinga ndani yake tangu ujana, na alikuwa akimwambia karani wa mizani kwamba kuna mnyama asiyemjua jina. Baba alimkaribisha, akakataa kuketi. Alieleza akiwa amesimama mlangoni. Mnyama mweusi. Mabega mapana, kichwa kimeinama, anatembea kwa kuyumba kama mtu aliyebeba gunia. Alipomulikwa hakukimbia. Alisimama kwa miguu ya nyuma, mikono imening'inia mbele ya kifua, akamtazama mzee, akatoa sauti ya kukwaruza kooni. Kisha ikaja harufu mbaya, na tochi ikafifia.

"Alisimama vipi?" baba aliuliza.

"Kama ulivyosimama wewe."

Tulikwenda kuona, mimi nikiwa nimebeba kitabu cha mizani kwa sababu baba angepitiliza kazini kutoka huko. Harufu ilikuwa bado ipo. Sijapata kuinusa tena popote, na nadhani ningeitambua leo nikiwa nimefumba macho: nzito, chungu, inayoshika nguo. Karibu na bomba, ardhi ilikuwa tope laini, na katika tope hilo palikuwa na unyayo mmoja safi. Nyingine zote zilikuwa zimevurugika kwenye mifuko iliyopasuka.

Baba alichuchumaa. Aliomba kiberiti cha mzee, akatoa njiti, akazipanga kando ya alama ile. Njiti tatu na kipande. Kisha alichukua kitabu, akachana ukurasa wa jana uliokwisha kunakiliwa, akaugeuza upande mweupe na kuchora kwa penseli, taratibu, huku Boiyot akimshikia tochi iliyokuwa haina mwanga. Alichora kanyagio pana, vidole, na mbali mbele ya vidole vitundu vya kucha, kila kimoja kirefu kama punje ya mahindi iliyochomekwa wima.

"Hesabu," aliniambia.

Nilihesabu vitano.

"Fisi ni vinne. Chui ni vinne. Mbwa vinne." Alimtazama mzee. "Huyu ni wa vitano."

Alikunja karatasi, akaiweka ndani ya kitabu. Boiyot alitikisa kichwa, ameridhika kwamba mtu wa kalamu ameona.

Sasa upande wangu. Nyuma ya nyumba ya meneja aliishi mpishi mzee ambaye alikuwa amepewa vitabu vya picha vya watoto na familia ya meneja wa zamani iliporudi kwao Uskoti. Tulikwenda kwake Jumapili kuvitazama, tukinawa mikono kwanza. Katika kimoja kulikuwa na mnyama mweusi amesimama kwa miguu miwili kando ya mti, mikono imening'inia, na mpishi alikuwa ametufundisha kwamba huyo ni dubu. Siku ile shuleni, kwenye foleni ya maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, nikiwa na pakiti yangu ya pembe tatu mkononi, niliwaambia wenzangu: kitaluni kumetokea dubu, Boiyot amemwona, baba amechora mguu wake. Nilijisikia mkubwa sana. Kufikia jioni neno lilikuwa limefika laini kabla yangu.

Sijui kama msomaji amewahi kuona uvumi ukikua mahali ambapo watu wana njaa. Siku ya pili, kuku saba wa nyumba ya mwisho walikutwa wameuawa, banda limechimbuliwa kutoka chini, na wengi wao hawakuliwa. Hilo lilikuwa kweli, niliwaona. Siku ya tatu kuku walikuwa wamegeuka kondoo, na kondoo walikuwa hawana ubongo. Siku ya nne kulikuwa na mtoto huko Kobujoi. Wanandi walianza kumtaja chemosit kwa sauti ya chini, na akina mama wa kabila letu, ambao hawakuwahi kumsikia chemosit, waliwauliza, wakaambiwa. Chemosit wa masimulizi hafanani na dubu hata kidogo: nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja, na mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Lakini majina yote mawili yalikaa juu ya mnyama mmoja, na hakuna aliyeona tatizo.

Siku ya tano wachumaji walikataa kuingia vitalu vya chai vilivyopakana na msitu.

Jumamosi meneja aliita watu wote kwenye mizani. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia, nyuma ya baba. Kilo zilikuwa zimeshuka tangu Aprili, kila mtu alijua, kitabu cha baba kilijua. Ila siku hiyo kushuka kwa kilo kulipewa mwanzo mpya: wiki hii, na mtu mmoja.

"Nani ameona dubu?" meneja aliuliza.

Boiyot alisimama, akavua kofia. "Mimi niliona mnyama."

"Dubu?"

"Wanasema dubu."

"Afrika haina dubu. Kwa hiyo hukuona kitu. Ulikuwa umelala au umelewa."

Mzee alimtazama baba mara moja. Si usoni, bali kitabuni, kilipokuwa kimebanwa kifuani kwa mikono miwili. Kisha akatazama chini. Baba hakusema neno. Nami nilijua karatasi iko wapi, kurasa chache tu kutoka kwenye jalada, na nilijua neno dubu limetoka mdomoni mwa nani, na sikusema pia. Boiyot alilipwa siku zake, akarudisha tochi, akaacha koti la mvua kwa sababu lilikuwa la shamba. Wiki iliyofuata wachumaji walirudi ukingoni mwa msitu, na kilo zikabaki kumi na mbili.

Nyumbani hatukulizungumza. Tulikuwa watoto sita, na nyumba ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha na nyumba imeisha. Niliyaelewa hayo nikiwa na watoto wangu. Wakati ule nilimwona tu baba akisogeza kitabu kile juu ya kabati, mahali tusipofika.

Miaka ya chuo Nairobi nilianza kutafuta. Nilichokikuta kilinishangaza, maana kumbe sikuwa wa kwanza kumpa mnyama wa Nandi jina la dubu. Wazungu walikuwa wamelifanya miaka sabini kabla yangu. Mmoja, Geoffrey Williams, aliandika mwaka 1912 kwamba karibu na mwamba wa Sergoit, huko Uasin Gishu, alimwona mnyama ameketi kitako kama dubu anavyoketi kwenye bustani ya wanyama, kisha akaondoka kwa mwendo wa kuyumba. Mwaka uliofuata mhandisi wa reli ya Magadi, G. W. Hickes, naye akaeleza mnyama asiyemfahamu aliyemwona karibu na njia. Hakuna aliyemwita Hickes mlevi. Taarifa zao zilikusanywa na kuchapishwa.

Nilisoma pia kwamba neno la meneja, Afrika haina dubu, lilikuwa kweli kwa siku ile tu. Milima ya Atlas, kaskazini mwa Afrika, ilikuwa na dubu wake hadi karne ya 19. Na Langebaanweg, Afrika Kusini, wamefukua mifupa ya dubu mkubwa aitwaye Agriotherium, aliyeishi miaka milioni tano hivi iliyopita. Haya hayamfanyi yule wa kitaluni kuwa dubu. Nilipofika kwenye sura za nyegere ndipo nilipofunga kitabu kwa muda. Vidole vitano. Kucha ndefu za kuchimbia. Husimama kwa miguu ya nyuma kutazama mbali. Ana tezi chini ya mkia inayotoa harufu kali akitishwa. Huchimba mabanda na kuua kuku wengi kuliko anaoweza kula. Na mwaka wa ukame, asali ilipokosekana mizingani, angekuja wapi kama si kwetu?

Mwaka 1997 baba alistaafu. Siku alipofungasha, alishusha vitabu vyake vya mizani, akatoa ile karatasi, akaniambia, "Twende Kobujoi."

Boiyot alikuwa hai, amekonda, macho yake mazuri bado. Alitujua kabla hatujafika mlangoni. Tuliketi nje chini ya mti, baba akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Mzee aliiweka juu ya goti, akailainisha, akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole.

"Hapa ni mguu wa mbele. Hapa wa nyuma umekanyaga juu yake. Ulichora miguu miwili, Karani, ukafikiri ni mmoja. Ndiyo maana akawa mrefu hivi."

Miaka kumi na mitatu tulikuwa nayo, na hatukuwa tumeona.

"Basi ni nyegere, mzee?" niliuliza.

"Nyegere ninayemjua ana mgongo mweupe. Yule alikuwa mweusi wote."

"Weusi wote wapo, kwenye misitu. Kule Ituri, Kongo, wanajulikana."

Alifikiri. Kuku walipita miguuni mwetu.

"Basi ana jina," alisema.

Nilimwambia kwamba dubu ni mimi niliyemleta. Alinitazama kana kwamba ananitafuta yule mtoto ndani yangu, akanishika mkono, hakusema kitu. Baba ndiye aliyeuliza lililomleta. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Siku ile kwenye mizani, mzee. Karatasi ilikuwa kifuani pangu, na wewe ulijua. Kwa nini hukunitaja?"

"Wewe ulikuwa na watoto sita kwenye nyumba ya watu. Mimi nilikuwa na shamba hili."

Mjukuu alileta mursik, yaani maziwa ya kuganda, kibuyu kikubwa, na vikombe. Tulikunywa. Mzee aliigeuza karatasi akakuta upande wa pili, mwandiko wa baba: namba, majina ya wachumaji wa siku moja ya Agosti 1984, kilo zao. Alisoma la kwanza kwa sauti na kuuliza yuko wapi. Baba akajibu amerudi Mbale, ana wajukuu. Akasoma la pili. Huyo alikuwa amekwisha kufa. Tukaendelea hivyo, jina kwa jina, mpaka maandishi yakawa hayasomeki kwa giza, na tulipoinuka kuondoka karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya mfuko wa shati lake.