Homa, Yin Qiao San na sufuria: uzoefu wangu Nanjing

Watu wananiuliza sana kama Yin Qiao San, hii dawa ya Kichina ya mitishamba, inashusha homa kweli. Mimi ilinisaidia, ila wale wa "mitishamba haina madhara, kunywa tu" wananikera mpaka leo.

Nilikuwa nasoma Nanjing, China, baridi ya Januari, homa ikanipanda na koo linawaka hata mate hayapiti. Nilikuwa ndo nimetoka likizo Tanga kwa hiyo kwanza nikapima malaria, hamna, daktari akasema ni virusi akaniandikia Yin Qiao San. Ni mchanganyiko wa zamani, upo kwenye kitabu cha tabibu Wu Jutong cha 1798, wakubwa humo ni maua ya jinyinhua na matunda ya lianqiao, halafu mnanaa, urukususu, mizizi ya matete na vinginevyo.

Sasa kwenye kuchemsha ndo kuna mambo. Mwenzangu wa chumbani akashikilia dawa ya miti lazima ichemke kama mwarobaini, akaiacha jikoni wee mpaka ikabaki kikombe kimoja cheusi, chungu hatari, nimekunywa sijasikia nafuu yoyote. Nikarudi dukani, bei kama sahani mbili za tambi hivi, mama muuzaji kusikia tulivyochemsha akashika kichwa. Wu mwenyewe aliandika harufu ikitoka kwa nguvu tu uepue, usipitilize, maana mafuta ya mnanaa yanaondoka na mvuke! Nikaloweka, nikafunika sufuria vizuri, chumba kilipojaa harufu nikaepua hapo hapo, nikanywa ya moto nikajifunika blanketi. Jasho likanitoka, usiku homa ikashuka, asubuhi uji unapita.

Kwenye maabara wameona viambato vya jinyinhua na lianqiao vinapunguza kemikali za mwili zinazoleta uvimbe na joto, kama TNF-alfa na prostaglandini E2, kwa hiyo siyo imani tu, japo maabara siyo mgonjwa kitandani.

Halafu kuna vidonge vya yinqiao vyenye vitamini C. Rafiki kaniletea, ananiambia meza pamoja na Panadol upone haraka. Nikapiga picha boksi, simu ikatafsiri, ndani tayari kuna parasetamo, ndo ile ile ya kwenye Panadol, tena na ile dawa ya kwenye piritoni inayoleta usingizi! Ukiongeza Panadol juu yake unaweza kuliumiza ini bila kujua. Soma boksi jamani, hata kama limechorwa maua. Vile vidonge nilimrudishia, nikaendelea na sufuria yangu.