Jumanne yangu: kliniki saa moja, semina saa nne, dei kea inafunga saa kumi na moja

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa mwaka wa kwanza alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa "dada, wewe ulifanyaje?" nikajua tu ana kitu tumboni. Sikumjibu vizuri maana nilikua nakimbia, ndo kawaida yangu. Basi Jumanne yangu nzima hii hapa. Niko mwaka wa pili hapa Moshi, napanga chumba kimoja Pasua, binti yangu ana miezi tisa, mtaani naitwa mama Bibie.

Saa kumi na nusu alfajiri. Alamu yangu ni ya kumi na moja ila Bibie ana ya kwake. Nanyonyesha huku nasoma notsi kwenye simu, mwanga nimepunguza mpaka macho yanauma. Mwezi wa sita huku kuna kibaridi aisee, maji ya kumwogeshea lazima yapite jikoni kwanza, afu jiko hilo hilo lichemshe ndizi na nyama kidogo za mtori wake, blenda sina naponda na mwiko.

Saa moja kasoro nimeshambeba mgongoni tunaenda zahanati. Leo ni surua na rubela, ile ya miezi tisa. Chanjo ni bure, tatizo ni foleni, na mizani yenyewe kila mama anakuja na kisuruali chake cha kumning'inizia mtoto, mi changu nimesahau. Nikaazima cha mama mmoja wa Njoro, bado kina joto la mwanae. Kilo nane na gramu mia moja, mstari kwenye kadi bado uko kwenye kijani, asante Mungu. Nikamwambia nesi shikamoo, naomba nipite, nina semina saa nne, akanijibu bila kuniangalia "mama, hapa nani hana haraka?" Yule yule wa Njoro ndo akanipa namba yake ya foleni.

Kitu nilichojua nikiwa nimeshachelewa: ile bima ya mwanafunzi tunayolipia 50,400 kwa mwaka inanitibu mimi tu, Bibie hayumo. Akiugua bima hiyo haimsaidii, yani panga mapema.

Saa tatu na robo dei kea, Majengo. Kabla sijamwacha pale kwa mara ya kwanza niliomba kuona cheti cha ustawi wa jamii, dada akanuna ila alikitoa. 40,000 kwa mwezi, chakula unaleta mwenyewe, na ukipitisha saa kumi na moja jioni unalipia. Leo ameniambia mlangoni kabisa "mama Bibie, usinifanyie kama juzi."

Saa nne semina ya sheria za kazi, na mada ya leo jamani ni likizo ya uzazi! Sheria ya mwaka 2004, kifungu cha 33, siku 84, ukijifungua zaidi ya mmoja siku 100, na mama anayenyonyesha apewe muda wa kunyonyesha saa za kazi mpaka masaa mawili kwa siku. Nasikiliza hayo huku maziwa yanavuja, daftari nimelibana kifuani kama ngao. Nikanyoosha mkono, "mwalimu, na mwanafunzi je?" Akasema mwanafunzi sio mwajiriwa, kifungu hakimhusu. Amesema kweli, na kwenye mtihani ndo nitakavyojibu. Ila nilibaki nawaza, wadogo zetu wa sekondari tangu Novemba 2021 wameruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, limeongelewa nchi nzima, sisi wa chuo hakuna anayetufukuza na hakuna aliyetupangia kitu.

Saa saba nakamua kwenye chumba cha rafiki yangu hosteli, mlango kafunga kwa ndani, wadeni, yule msimamizi wa hosteli, hataki hata kusikia habari za mtoto. Maziwa yakikaa nje masaa manne mi namwaga, kwahiyo nanunua barafu mbili za ukwaju, nazibana na chupa ya Bibie ndani ya hotipoti. Zikiyeyuka nakunywa mwenyewe, hamna kinachopotea.

Saa nane, ofisi ya mshauri wa wanafunzi, mara ya tatu mwezi huu. Kipindi cha Jumanne ni saa kumi na moja mpaka moja, dei kea inafunga saa hiyo hiyo, naomba tu kuhama kundi niende la Alhamisi asubuhi. Hapa wanataka barua ya idara, idara wanataka barua ya hapa. Lakini mama wa ile ofisi ndo alinisaidia kwenye kuahirisha masomo, na hili mdogo wangu alishike: barua iandikwe kabla hujaondoka, chuo kikuidhinishe, na bodi ya mikopo wajue, ukipotea kimya kimya utakuja kuambiwa uliacha mwenyewe. Na nilipotoka tu nje siar, yani kiongozi wa darasa letu, akanipigia, kashampata mtu wa kubadilishana na mimi. Kwenye ngazi, dakika mbili, bila barua.

Ila inaanza wiki ijayo. Kwahiyo saa kumi na moja kasoro nimemchukua, na kumi na moja tuko wote kipindini, siti ya nyuma karibu na mlango. Katulia nusu saa nzima, afu mwalimu kageuka kutoka ubaoni, Bibie akapiga kelele "baba!" Darasa zima likaanguka kicheko. Mwalimu akasubiri watulie, akasema "mimi nina alibi, sikuwepo," akaendelea kufundisha.

Baba mwenyewe yuko Dar. Saa mbili usiku imeingia meseji, 50,000. Mwanzoni haikua hivi. Nilienda kwa afisa ustawi wa manispaa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inambana mzazi kutunza mtoto, ndoa iwepo isiwepo, na kuongea nao hulipii. Alimpigia simu mbele yangu, kwa adabu zote, akamtajia kwamba ikishindikana ni mahakamani. Kwenda pale nilikosa vipindi viwili maana nao wako wazi mchana tu kama ofisi zote. Na hiyo 50,000 inahitajika, bumu, yani hela ya kujikimu ya bodi ya mikopo, ni 10,000 kwa siku tangu 2022/23, wamepiga hesabu ya tumbo moja.

Saa nne usiku. Mkono wa sindano una joto na mwili nao umechemka kidogo, nesi alishaniambia, namkanda kitambaa cha maji. Amelala kifuani kwangu. Kesho saa tatu tesi, nimefika ukurasa wa nne, kadi ya kliniki nimeichomeka hapo nisipoteze.