Siku Moja Maishani Mwangu: Kuchora Bustani ya Mtaa, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi. Jua la Dodoma halina simile, kwa hiyo vipimo vya udongo navimaliza mapema. Kiwanja kiko pembezoni mwa mji, chekundu na kitupu, korongo dogo limekikata kona moja, na mikungugu michache iliyonusurika shoka. Nachimba shimo la futi moja kwenye njia ya wapita kwa miguu, namimina maji, natazama saa. Yanakaa tu kama chai kikombeni. Shimo la pili, chini ya mkungugu, limeshanyonya yote hata sijafunga daftari.

Saa 2:00. Chapati na maharage kwa mama lishe wa jirani. Namuuliza hapa angependa kuwe na nini. "Kivuli, na choo." Maua hakuyataja.

Saa 3:30, ofisini. Mteja kaleta picha aliyoipenda: ukoka mwanzo mwisho, chemchemi katikati. Hapo ndipo tunapogombana kila mara. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki, ukoka unaishi kwa mpira wa maji. Jua na upepo vikikausha milimita 5 kwa siku, mita moja ya mraba inataka lita 5. Mita 1,000 za mraba, lita 5,000: madumu 250 ya lita 20. Kila siku! Na mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, yaani maji ya chini ya ardhi, tena mitaani yanakuja kwa mgawo. Ukimwagilia nyasi mbele ya mtu aliyepanga foleni na ndoo, usishangae kukuta bomba limekatwa usiku.

Saa 6:00. Kikao cha bajeti. Tuyaache hayo.

Saa 10:00 jioni. Mwenyekiti wa mtaa kawaita wakazi kiwanjani. Vijana wa bodaboda wanataka uwanja wa mpira. Sawa, na uwe wa udongo, ndio waliouzoea. Wazee wanataka mwarobaini kwa sababu unakua haraka. Mimi naupigia debe mkwaju. Tunakubaliana ipandwe yote, mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, na kila mche ufukiwe chupa iliyotobolewa ili kiangazi maji yaende mizizini moja kwa moja.

Kisha bibi mmoja ananishika mkono. "Mjukuu wangu, hayo mabenchi yako umeyaweka njiani mwa maji." Ananitembeza kwa fimbo yake: maji yanatokea kwenye kalavati la barabarani, yanapinda kwenye kichuguu, halafu yanaingia korongoni kwa kishindo. Ramani yangu haionyeshi hata kile kichuguu. Namwomba arudie njia yote, safari hii nikipigilia vigingi nyuma yake. Makinga maji yatapita hapo hapo, maji yatuame kidogo na kuzama, na miti mikubwa ipate chakula chake pale.

Ubishi mkali unakuja kwenye gati la maji, yaani kituo cha wakazi kuchotea maji. Wote wanalitaka; bili italipwa na nani, kimya. Hilo tunaliahirisha.

Saa 2:00 usiku, nyumbani. Nachora upya. Paa la choo, mita 60 za mraba, litakinga kama lita 29,000 kwa mwaka wa mvua ya kawaida, ukitoa yanayopotea, yaende kwenye tangi. Ukoka nimebakiza kipande pembeni ya masinki, unywe maji ya kunawia mikono. Chemchemi nimeifuta. Goli moja la vijana linaangukia kwenye mkondo wa bibi, nalisogeza mita sita na kumtumia mwenyekiti picha kwa WhatsApp. Anajibu papo hapo: "Safi. Sasa wanataka na taa."