Siku Niliyoapia Tarehe Yangu ya Kuzaliwa

Binti yangu kapata kazi. Duka la vyakula karibu na shule yake, saa chache Jumamosi na Jumapili. Alinikuta jikoni namenya vitunguu, simu yake mkononi: "Baba, kadi yangu ya sosho umeiweka wapi? Wanaitaka pamoja na kitambulisho cha shule. Bila hivyo siwezi kuanza."

Niliacha vitunguu nikaenda chumbani. Nyaraka zetu zote bado ziko kwenye ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za buluu za IOM, shirika la uhamiaji lililotusafirisha, tuliopanda nao ndege. Umechakaa, umepasuka pembeni, lakini sijaweza kuutupa. Nikampa kadi yake, ile yenye namba yake ya hifadhi ya jamii. Akaketi mezani akaanza kujaza fomu kwenye simu. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa. Hapo kwenye tarehe vidole havikusita hata kidogo. Alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Kigoma, mwaka 2009, kwenye kituo cha afya cha kambini, na mkunga aliandika mpaka saa.

Mimi niliijua fomu ile kabla hajaniambia inaitwaje. I-9, ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi. Kila anayeajiriwa Marekani huijaza, mwenyeji au mgeni, tangu sheria ya mwaka 1986. Yangu niliijaza Februari 2016, wiki ya tatu tangu tufike Iowa.

Theluji ilikuwa imefika magotini. Kiwanda kilikuwa cha nyama ya nguruwe, nje ya mji, na kesiwoka wetu, mhudumu wa shirika lililotupokea, alinichukua alfajiri na gari lake. Alikuwa Mrundi, kaka mpole, amepita kambi za Kigoma kama sisi. Njiani nilikuwa napiga hesabu. Msaada wa shirika ulikuwa wa siku 90. Nauli ya ndege ya watu watano ilikuwa mkopo, na nilikuwa nimetia saini kuulipa. Mke wangu alikuwa na mimba. Kazi ile niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Na tuelewane hapa. Nilikuwa na miaka 31, na sikuwahi kufanya kazi hata siku moja kwa ruhusa ya mtu yeyote. Kambini huruhusiwi. Ukitaka kutoka zaidi ya kilomita 4 unaomba kibali, na kibali kinaandikwa siku ya kutoka na siku ya kurudi. Tulikuwa tunatoroka kwenda kulima mashamba ya wanakijiji, tunalipwa debe la mihogo au pesa kidogo, na tukisikia pikipiki tunalala kwenye mahindi tukidhani ni polisi. Jembe nililishika miaka mingi, lakini nililishika kama mwizi.

Basi tukaingizwa chumba chenye viti vya plastiki, watu wa kila taifa, kila mmoja na karatasi yake. Juu ya fomu jina, anwani, tarehe. Wao huanza na mwezi ndipo siku. Kwangu haikuleta tofauti: 01/01. Niliandika haraka, kama nilivyozoea.

Chini yake kuna visanduku vinne, unachagua wewe ni nani. Raia sikuwa. Kadi ya ukaazi sikuwa nayo. Kesiwoka akaweka kidole kwenye cha mwisho, akatafuta neno, akasema, "Hapa panasema mgeni aliyeruhusiwa kufanya kazi." Nikamsikia mama kichwani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Pembeni ya kisanduku palikuwa na nafasi ya kuandika ruhusa inaisha lini. Nikamuuliza niandike lini. Akasema, "Wewe ni mkimbizi, yako haina mwisho. Andika N, mkwaju, A, yaani haihusiki." Nikaziandika herufi zile mbili polepole sana. Mpaka leo naweza kuiona A yangu ilivyoegemea upande. Hakuna siku ya kurudi! Nilitaka kumwita mke wangu palepale nimwambie.

Kisha tukafika kwenye saini.

Kesiwoka alisoma kwanza kimya, ndipo akanitafsiria. Kwamba ninafahamu sheria ya nchi inaweka kifungo au faini kwa anayesema uongo kwenye fomu hii. Kwamba naapa yote niliyoandika ni kweli. Kalamu ilikuwa ya kiwanda, imefungwa kwa uzi kwenye meza, na uzi ulikuwa mfupi, inabidi uiname. Nikainama. Ncha ikagusa karatasi ikaacha nukta ya wino mweusi, mkono ukakataa kuendelea.

Kwa sababu sikuzaliwa Januari mosi.

Nilikuwa nalijua hilo siku zote na halikuwahi kunisumbua. Mwisho wa mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka Fizi, Kongo, mimi, mama na mdogo wangu ambaye hakufika mbali. Mezani kwa mwandikishaji mama aliulizwa mtoto huyu kazaliwa lini. Akaeleza anavyojua yeye. Foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu, watu wamelowa, na mwandikishaji akaandika 01/01/1985. Mama naye akapewa Januari mosi, na baadaye mke wangu vilevile. Kambini nusu ya watu ninaowajua wana siku hiyo hiyo. Lakini pale haikuwa kiapo. Ilikuwa namba ya kupatia mgao wa unga na maharage.

Nikamwambia kesiwoka kwa sauti ya chini, "Kaka, tarehe hii si ya kweli." Nilimwona anageuka kumtazama mama mmoja wa ofisi ya kiwanda kabla ya kunijibu. "Andika kama ilivyo kwenye karatasi zako. Ya kwenye karatasi ndiyo yako." Nikasema, "Lakini mama anasema nilizaliwa kiangazi, na Januari kwetu ni mvua." Akakaa kidogo. "Hata mama yangu anasema yake," akasema. Hakuongeza neno.

Ndipo nikaelewa kwamba naye ni wa Januari mosi. Na kwamba chini ya saini yangu kuna mahali pa mfasiri, naye ataapa kwa jina lake kuwa niliyoyaandika ni kweli.

Nikasaini. Akasaini.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Yule mama wa ofisini alitazama karatasi yangu ya I-94, ya kuingilia nchini, yenye muhuri wa ukimbizi, akairudisha, akataka kadi ya ukaazi. Kesiwoka akamfungulia ukurasa wa mwisho wa fomu wenye orodha za hati, akamweleza kuwa mwajiri hachagulii mtu hati ya kuleta, na kwamba karatasi ile inatosha kwa siku 90 wakati nasubiri kadi ya sosho. Akapiga simu mahali, akarudi, akatia saini yake. Jumatatu nilikuwa kwenye mstari, kisu mkononi, glovu za chuma, baridi ya friji mpaka kwenye mifupa. Kazi halali.

Jioni ya siku ile ya fomu nilimuuliza mama tena. Alikuwa amekaa karibu na hita, kitenge mabegani. "Ulizaliwa kiangazi," akasema. "Nilikuwa nageuza ndakala mchangani uchungu ukanishika. Nilizaa mikono inanuka ndakala, bibi yako akakuogesha na maji ya ziwa." Ndakala ndio dagaa wetu wa ziwani. Mwezi gani, mama? "Wa ndakala kukauka siku moja."

Mama alifariki 2021. Mwaka uliofuata niliapishwa kuwa raia, na cheti kile kina 01/01 vilevile. Kuibadili kabla ya kiapo kile kulitaka ushahidi, na shahidi wangu nimemzika Des Moines, Iowa. Nimeapia tarehe ile mara nyingi sasa, na mara zote mkono huwa mzito kidogo. Sijui kama niliapa uongo. Najua kwamba kama ningesema ukweli, sikuwa na karatasi hata moja ya kuunga mkono, na watoto wangu wangekula nini.

Haya yote nilimwambia binti yangu juzi mezani, vitunguu vimesahaulika. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida yake. Kisha akashika simu akatafuta miezi ya kiangazi ya Kivu Kusini. "Ni Juni mpaka Agosti, Baba. Bibi alisema siku moja tu zinakauka, basi ni katikati, jua kali. Tuchague siku. Si ya serikali, ya kwetu hapa nyumbani."

Jumamosi nilimpeleka kazini, kavaa fulana ya duka yenye jina lake kifuani. Saa ya mapumziko akanitumia ujumbe: "Julai au Agosti?"

Sijamjibu bado.