Mikono iliyokuwa juu kwenye kona

Jumapili usiku

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, zimebaki sekunde tisa, na ukumbi mzima ulijua mpira unakuja kwangu. Mimi ni namba mbili wa timu yetu ya mpira wa kikapu. Kazi yangu ni kutupa mpira kikapuni. Nilitoka nyuma ya skrini, yaani mwenzangu aliyesimama kumziba beki wangu, upande wa kulia, nikapokea, nikadunda mara moja, beki wangu bado yuko mgongoni. Papo hapo beki wa pili, yule aliyekuwa akimkaba namba tano wetu, mchezaji wa karibu na kikapu, akanijia mikono juu. Nikaruka, nikatupa juu ya mikono minne. Mpira ukagonga ringi kwa mbele, ukarudi uwanjani, king'ora kikalia.

Kukosa hakukuniuma sana. Mitupo ya mwisho nimeshawahi kuikosa na nitaikosa tena. Kilichoniuma ni ujumbe ulioingia kwenye simu saa mbili baadaye, kutoka kwa mdogo wetu anayecheza kona ya kushoto, kijana aliyejiunga nasi msimu huu: "Kaka, kutupa ilikuwa haki yako. Ila ungeniangalia tu."

Nimeusoma tena na tena. Hakuandika "ungenipa". Ameandika "ungeniangalia".

Jumatatu

Kuna mtu huwa anaturekodia michezo kwa simu akiwa amekaa juu kabisa, uwanja wote unaonekana. Leo nimeutazama mchezo wa jana mwanzo hadi mwisho, daftari mkononi. Nilianza na ile sekunde ya mwisho, nikaisimamisha pale nilipokuwa naruka.

Yupo. Kona ya kushoto, peke yake, hakuna beki ndani ya hatua nne. Magoti ameyakunja kidogo, viganja viwili viko wazi mbele ya kifua, vidole vimetanuka, kama ambavyo kocha hutufundisha kila siku. Nikaruhusu picha isogee taratibu. Mpira ulipoacha mkono wangu, yeye alishusha mikono kabla haujafika kwenye ringi. Hakungoja kuona kama unaingia. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika robo ya tatu nilishamwona akifanya hivyo hivyo na sikujali.

Basi nikaanza kuhesabu. Nilitupa mara 22. Kati ya hizo, 13 nilikuwa wazi, au beki alikuwa amechelewa, na hizo sizijutii hata moja, pamoja na zile zilizokosa. Watu husema namba mbili ana uchoyo kwa sababu anatupa sana, lakini hesabu yenyewe si ngumu. Anayefunga mitupo 35 ya pointi tatu katika kila 100 anaiingizia timu pointi 105. Anayefunga 45 ya pointi mbili katika kila 100 anaingiza 90. Mtupaji akiwa wazi nyuma ya mstari wa pointi tatu kisha akatoa mpira ili aonekane mwema, timu nzima imepata hasara. Hilo nililiamini jana na leo bado naliamini.

Tisa zilizobaki ndizo zenye neno. Tisa nilizitupa nikiwa nimekabwa, na katika sita kati ya hizo kulikuwa na mwenzangu aliyekuwa wazi.

Ila sikuishia kwenye mitupo, nikahesabu na pasi, na hapa nililiona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilitoa pasi nyingi kuliko nilivyodhani. Tatizo ni saa. Timu ina sekunde 24 za kutupa. Mimi napokea zikiwa zimebaki 14 hivi, nadunda, namtikisa beki, nadunda tena, natafuta nafasi yangu. Zikifika nne au tatu naona njia imefungwa, ndipo namsukumia mpira aliye karibu. Yule maskini anapokea huku saa inakaribia kulia, hana la kufanya isipokuwa kutupa hovyo kutoka alipo. Kwenye karatasi ya takwimu, kukosa kunaandikwa jina lake. Mimi naandikiwa kwamba nilitoa pasi.

Nimeandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: NAWAPA MAKOMBO. Halafu nikalifunga.

Jumatano

Nimekuwa nikiwaza kuhusu Klay Thompson, namba mbili wa Golden State Warriors wakati ule, katika ligi ya Marekani, NBA. Desemba 2016 aliwafunga Indiana Pacers pointi 60 akiwa uwanjani dakika 29 tu. Alitupa mara 33. Ukisikia mitupo 33 utasema huyo kawanyima wenzake mpira, lakini waliopima walikuta kwamba usiku ule wote mpira ulikaa mikononi mwake kwa sekunde 90 hivi, na aliudunda mara 11 tu. Mara 11! Mimi Jumapili nilifikisha idadi hiyo katika mashambulizi mawili.

Kwa hiyo namba mbili anaweza kutupa kuliko wote na asiwe amemnyima mtu kitu. Anakimbia bila mpira, anapita nyuma ya skrini, anapokea, mpira unaondoka. Ama unakwenda kikapuni, ama kwa mwenzake. Wenzake hawasimami kumtazama akicheza peke yake. Miguu yao iko moto na macho yako macho, kwa sababu mpira unaweza kuwafikia wakati wowote.

Nilimwambia kocha haya baada ya mazoezi. Alisikiliza, akaokota mpira na kuuweka kwapani. "Mwanangu," akasema, "mimi sijawahi kukuomba utupe mara chache. Nakuomba uamue mapema." Akaondoka zake kuzima taa.

Jumamosi usiku

Leo nimeharibu kwa upande wa pili.

Niliingia uwanjani nimeapa kwamba leo nagawa. Robo ya kwanza nilitupa mara moja. Nilipokea kwenye pembe nikiwa wazi, nikatoa. Nikatoa tena. Mwanzoni nilijisikia vizuri, lazima niseme ukweli, kama mtu aliyelipa deni. Kufikia robo ya pili mabeki wao walishanisoma. Aliyenikaba alirudi nyuma hatua tatu, akasimama katikati ya boksi, lile eneo la chini ya kikapu, akimziba namba tano wetu. Namba tano akawa anapokea katikati ya watu watatu. Namba moja, anayeongoza mashambulizi yetu, kila akijaribu kuingia anakuta ukuta. Kijana wa kona alipata mipira mingi kuliko siku zote, lakini kila mara beki wake alikuwa naye, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumwacha aje kunisaidia kunikaba mimi.

Katika mapumziko namba moja alinijia uso umekunjamana. "Kaka, tupa! Unanirudishia mpira niufanye nini?"

Nilikosa jibu. Tulifungwa kwa pointi 17.

Njiani kurudi nikamkumbuka Kobe Bryant, namba mbili wa Lakers, na msimu wake wa 2005-06 haujanitoka akilini hadi sasa ninapoandika. Tarehe 22 Januari 2006, Lakers wakiwa nyuma ya Toronto Raptors kwa pointi hadi 18, aliubeba mchezo mabegani. Alitupa mara 46, akafunga 28, akamaliza na pointi 81. Pasi za kufungia zilikuwa mbili. Lakers walishinda 122 kwa 104. Ukimuuliza mtu aliyekuwa ukumbini usiku ule kama Kobe angepaswa kugawa zaidi, atakushangaa.

Kisha ikaja Mei 6 mwaka huo huo, mchezo wa saba wa mchujo dhidi ya Phoenix Suns. Kipindi cha kwanza alipata pointi 23. Kipindi cha pili chote alitupa mara tatu tu, akaongeza pointi moja. Lakers, waliokuwa wameongoza 3 kwa 1 katika mfululizo ule, walifungwa 121 kwa 90 wakatolewa. Wapo waliosema alisusa. Mwenyewe alikanusha. Mimi siwezi kuingia moyoni mwake, na sihitaji, kwa sababu leo nimekiona kilichotokea uwanjani kwa macho yangu. Mtupaji akiacha kutupa, mabeki wanapumzika. Nafasi ambayo wenzake walikuwa wakiipata ilitokana na hofu aliyokuwa akiitia. Hofu ikiondoka, nafasi inaondoka nayo.

Ni mchezaji yule yule, msimu ule ule. Ukitumia idadi ya pasi peke yake, siku ya Mei ndiyo ungeiita nzuri.

Jumapili

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimpigia kijana wa kona. Nilidhani nitaomba radhi kwa ajili ya mtupo ule wa wiki iliyopita, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Kaka, jana ulikuwa unanipa mpira kama mtu anayetimiza ahadi," alisema. "Mimi sikutaka hivyo."

"Ulitaka nini?"

Akanyamaza kidogo. "Nijue lini unakuja. Nikiwa nimesimama pale dakika nzima sijui kama unaniona, miguu inapoa. Hata ukinipa, nitakosa."

Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema kwa sababu nataka niyasome tena mwisho wa msimu. Nadhani ndiyo hoja yote iliyonipita. Mimi nilikuwa nahesabu pasi, yeye alikuwa akizungumzia kujua.

Michael Jordan alilifanya hili mbele ya dunia nzima. Fainali za NBA za 1997, Chicago Bulls, timu yake, na Utah Jazz. Mchezo wa kwanza aliumaliza mwenyewe kwa mtupo wa mwisho, na hakuna aliyemlaumu. Tarehe 13 Juni, mchezo wa sita, ubao unasoma 86 kwa 86. Wakiwa benchi wakati wa mapumziko mafupi, Jordan alimgeukia mwenzake Steve Kerr akamwambia kwamba John Stockton wa Jazz atamwacha aje kusaidia kumkaba yeye, basi ajiandae. Kerr akamjibu kwamba atakuwa tayari. Wakarudi uwanjani. Stockton alikuja kweli. Jordan, ambaye usiku ule alikuwa na pointi 39, akauachia mpira, Kerr akatupa zikiwa zimebaki sekunde tano, ukaingia. Mchezo ukaisha Bulls 90, Jazz 86, ubingwa.

Watu husimulia habari hii kama habari ya unyenyekevu wa Jordan. Mimi naona zaidi yale maneno ya benchi. Pasi ile ilianza kabla mpira haujaingizwa uwanjani. Kerr aliingia akiwa ameshaambiwa, magoti yake yanajua.

Halafu nalinganisha na mchezo wa saba wa fainali za 2010, Lakers na Boston Celtics. Kobe alikuwa na usiku mgumu wa kutupa, 6 kati ya 24, ingawa aliokota ribaundi 15, yaani mipira iliyokosa kikapu. Ikiwa imebaki kama dakika moja alimpa mwenzake Ron Artest, naye akatupa pointi tatu zikaingia, na Lakers wakashinda 83 kwa 79. Baada ya mchezo Artest alikuwa akirudia kwa furaha kwamba Kobe kampa mpira, Kobe ambaye huwa hampi. Nilipokuwa mdogo niliiona furaha ile tu. Sasa naona na mshangao wake pia, na nashukuru kwamba mikono yake ilikuwa bado juu.

Ya kijana wetu ilikuwa imeshashuka.

Jumanne usiku

Leo baada ya mazoezi tulibaki wawili, na namba tano akakubali kubaki kutuwekea skrini. Kocha alituachia ufunguo.

Tulikubaliana hivi: natoka nyuma ya skrini upande wa kulia, kama siku ile. Beki wa pili akibaki nyuma, natupa, bila kuangalia huku na huku. Beki wa pili akinyanyua mguu kuja kwangu, mpira unaondoka kwenda kona ya kushoto kabla mguu huo haujatua. Sisubiri mikono yake. Mguu tu.

Ni ngumu kuliko inavyosikika. Pasi ya kwanza ilimfikia kwenye magoti, akalazimika kuinama, na kuinama kule kunatosha kabisa kumpa beki muda wa kurudi. Ya pili ilikwenda juu ya kichwa chake. Ya tatu tena magotini. Nimecheza mpira huu miaka mingi na leo ndiyo nimegundua kwamba pasi ndefu ya kuvuka uwanja nikiwa natembea kuelekea kulia sijawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja. Kutupa nafanya mara 300 kwa wiki. Pasi hii, sifuri.

Ya nane au ya tisa ilimkuta kifuani, kwenye viganja vile vile. Hakusogea hata inchi. Akapanda nayo juu kwa mwendo mmoja na wavu ukalia. Hakunitazama wala hakusema kitu, alirudi mahali pake akakunja magoti.

Tulirudia mpaka namba tano akalalamika kwamba mabega yanamuuma. Nilipokuwa nakusanya mipira kijana akauliza, "Kaka, na wakikuzuia usiende kulia?"

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Namba tano alishakaa chini anafungua kamba za viatu. Akatutazama sisi wawili, akapumua kwa nguvu, akazifunga tena, akaenda kusimama upande wa kushoto.