Elfu mbili kwenye paji la uso

Jumapili, usiku.

Nimeamka adhuhuri na kukuta noti ya elfu mbili imegandana na kitambaa cha mfuko wa shati kwa jasho la jana. Nimeibandua taratibu kama mtu anayebandua plasta, nikaianika dirishani.

Namkumbuka aliyenitunza, jina lake sijui. Walikuwa meza ya sherehe ya kipaimara, wamevaa vitenge vya sare, na yule mama aliinuka kwenye kiti wimbo ulipochanganya tu. Akaja mbele kwa mwendo wa kuringa, hana haraka, akanibandika noti kwenye paji la uso nikiwa katikati ya solo ya gitaa. Mikono yote miwili iko kazini, huwezi kuitoa. Nikamaliza wimbo na simba wa Benki Kuu usoni. Wapigaji wa dansi mnaijua hali hii. Kuna miezi kutunzwa ndiko kunakolipa pango, mshahara wa bendi unakuja baadaye kama salamu.

Leo mchana binti yangu, kitinda mimba, yuko kidato cha pili, akanijia na simu.

"Baba, hili si gitaa lako?"

Ni langu. Wimbo wa kijana mmoja wa Bongo Fleva, tulirekodi mwaka 2019. Umepita watazamaji milioni moja, na nimesoma maoni mengi chini yake. Watu wameandika "gitaa linalia", "aliyepiga hili gitaa Mungu amuone". Mungu ameniona, nashukuru. Yeye peke yake, lakini.

Niandike ilivyokuwa, nisije nikamsingizia mtu. Prodyuza alinipigia saa mbili usiku, nikapanda bodaboda hadi Sinza. Studio chumba kimoja, kutani trei za mayai, feni imezimwa isiingie kwenye maiki. Nikapiga mara tatu, akachukua ya pili. Nikapewa elfu hamsini mkononi na soda. "Anko, umetisha," kijana akaniambia, na niliona alimaanisha. Nikanunua seti ya nyuzi na unga, nikalala vizuri. Kwa saa mbili za kazi elfu hamsini haikuwa mbaya, hata leo naweza kuipokea. Karatasi haikuwepo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, na ndani yake mpigaji ana haki yake, siyo mtunzi tu. Ila sheria itamtambuaje mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, hata nyuma ya bahasha?

Kwa hiyo wimbo ukichezwa usiku kucha Dar na Mombasa mpaka Muscat, mimi nimeshalipwa. Nililipwa 2019. Soda nayo nilikunywa.

Sasa usidhani kijana anaogelea kwenye hela. Nilikutana naye mwaka jana kwenye harusi, tukala pilau meza moja, akanieleza mahesabu yake huku akicheka kicheko ambacho si cha furaha. Watu hudhani ukisikilizwa mara moja kuna senti yako imetengwa mahali. Hakuna. Kwenye huduma kubwa kama Spotify, hela ya walipaji na ya matangazo inamiminwa kwenye chungu kimoja, kisha inagawanywa kwa kuangalia wewe umechukua sehemu gani ya usikilizaji wote. Mtu anaweza kulipia kila mwezi na kusikiliza taarabu peke yake, na sehemu kubwa ya hela yake ikaenda kwa nyota wa Marekani asiyemjua. Halafu wasikilizaji nao hawana bei moja. Anayelipia Ulaya ana uzito, anayesikiliza bure huku kwetu ni mwepesi kama unyoya. Kabla hela haijafika kwa mwimbaji, wanaochukua chao wapo: msambazaji, mwenye lebo, aliyetoa mtaji wa video.

Nimechukua kalamu. Kiwango kinachotajwa sana ni kama dola 0.003 kwa kusikilizwa mara moja, nacho ni cha kubahatisha, kwa wasikilizaji wa huku huwa chini yake. Dola tukiiweka shilingi 2,500, hiyo ni shilingi saba na nusu. Ile noti ya yule mama ni kusikilizwa mara 267 hivi. Na yeye alisikiliza mara moja, akiwa na sahani ya kuku mezani.

Mimi nami nina kibao changu mtandaoni, nilikitoa mwenyewe, ala tupu. Kimesikilizwa mara 812 kwa mwaka. Tangu 2024 Spotify wanasema wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauhesabiwi kwenye mgawo wa hela za rekodi. Nimebakiza 188. Nimefikiria kumpa binti simu aucheze hadi ufike, nikaona aibu.

Kijiweni kwetu wazee wakikaa ni lawama tu: vijana wezi, wanashusha nyimbo bure, muziki umekufa. Mimi huwa nanyamaza, natazama viatu. Maana najua nilikojifunzia. Miaka ya themanini, Morogoro, nilikuwa nategea Radio Tanzania na redio-kaseti ya kaka yangu, kidole kiko kwenye kitufe. Kaseti mpya hatukuwa nazo. Tulichukua za mawaidha za mjomba, tukaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi iliyotafunwa ili zikubali kurekodi, tukafuta mawaidha. Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa gitaa la dansi, alikuwa ameshafariki, Januari 1979, na mimi nikakaa naye chumbani miezi na miezi, narudisha mkanda nyuma kwa kalamu ya Bic kuokoa betri, hadi solo zake zikaingia vidoleni. Sikumlipa hata thumuni, na familia yake pia sikuilipa. Jana usiku yule mama alipoinuka kwenye kiti, aliinuka kwa ajili ya kitu nilichokichukua kwenye kaseti ya wizi.

Na bado naona kuna tofauti, ingawa kuieleza nashindwa vizuri. Ile kaseti haikumtajirisha mtu yeyote. Tulikuwa maskini tunaibiana na maskini. Leo neno "bure" sielewi limetoka wapi. Binti yangu kaweka bando la elfu moja asubuhi, kabla ya magharibi limeisha. Mtandao wa simu umelipwa, aliyeuza vocha kapata kamisheni, umeme wa kuchaji simu nimenunua mimi, na simu yenyewe bado tunalipa kidogo kidogo. Hela imetoka mfukoni, tena nyingi kuliko tulizowahi kutumia kwa kaseti. Imepita tu njia nyingine.

Nilimwambia hivyo wakati anapakua ugali. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Lakini baba, wasanii wanalipwa na matangazo. Ukiliangalia lote ndiyo wanapata."

"Wewe huwa unaliangalia lote?"

Akacheka, akapeleka sufuria jikoni.

Saa tano hii nyumba imelala. Noti imekauka dirishani, imejikunja pembeni. Nimechukua simu kutafuta wimbo mmoja wa zamani, nataka kuhakikisha mpito wa besi kabla ya Jumatano, maana mpiga besi wetu anaubishia. Nimeupata, umepandishwa na mtu nisiyemjua, picha ni ua la waridi. Likatangulia tangazo la kubeti, kijana ameshika simu anarukaruka. Nikasubiri sekunde tano, nikaliruka.