Ufunguo wa Wimbo Si Mali ya Kiongozi

Jumatatu. Kwa waimbaji wengi hii ndiyo siku ya kupumzisha koo, kwa hiyo ni siku nzuri ya kuandika.

Muimbaji wa injili akihojiwa, maswali huwa yaleyale: aliokoka lini, alianza kuimba akiwa na umri gani, wimbo uliomtoa ni upi. Haulizwi huwa anaimbisha kwa ufunguo gani, yaani wimbo umejengwa juu ya nota ipi ya msingi, na kwa nini. Mimi naona hapo ndipo mambo mengi yanapoamuliwa, kwa sababu mtu huyu ana kazi mbili na hizo kazi zinagombana. Akiwa muimbaji, anataka wimbo upande hadi pale sauti yake inapong'aa. Akiwa kiongozi wa sifa, anatakiwa aushushe hadi pale ambapo bibi aliyekaa kiti cha nyuma na kijana aliyesimama mlangoni wataimba wote wawili. Anayebeba ufunguo wa studio akaupeleka ibadani kama ulivyo, anageuza ibada kuwa tamasha bila kukusudia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanamke ambaye hajafundishwa uimbaji yuko salama kuanzia A iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda, hadi D iliyo nota ya 9 ukihesabu kutoka hiyo C kwenda juu. Mwanamume ni vivyo hivyo, oktavu moja (nota 8) chini. Kugusa E mara moja kwenye kilele, watu wanaweza. Kukaa kwenye E kwa baa 4 (mafungu 4 ya mapigo), hawawezi: watapiga kelele kidogo, kisha watanyamaza na kutazama. Basi kabla hujapanga ufunguo, tafuta nota mbili tu ndani ya wimbo: ya juu kabisa, ambayo kwa kawaida iko kwenye kiitikio au briji (kipande kinachounganisha ubeti na kiitikio cha mwisho), na ya chini kabisa, ambayo mara nyingi imejificha kwenye mstari wa kwanza wa ubeti. Ile ya juu ipeleke kwenye D, halafu uangalie ya chini imeangukia wapi.

Chukua wimbo uliorekodiwa na muimbaji wa sauti ya tena, ile ya juu ya kiume, katika ufunguo wa B, kilele chake kikiwa ni so. So ni nota ya 5 ya ufunguo, na ya B ni F# (kibonye cheusi kinachofuata F). Wanawake watauimba oktavu moja juu, na huko F# inawangoja. Shusha nusu toni 4, yaani vibonye 4 vya kinanda, vyeusi vikihesabiwa, uje G: kilele sasa ni D, na wimbo umekaa. Kama upana wake ni oktavu moja, kazi imeisha. Ukiwa na upana wa nota 10 au 11 bado utabanana ukakaa. Ukifika oktavu moja na nusu, kama zile nyimbo ambazo ubeti unanong'onwa chini halafu kiitikio kinaruka juu, hakuna ufunguo duniani utakaowatosha wote. Hapo kiongozi aimbe ubeti peke yake na kusanyiko lipokee kwenye kiitikio. Huo ni mpango mzuri tu, wala si aibu.

Kuna mtego wa jinsia ambao huzungumzwa kidogo mno. Kiongozi mwanamke mwenye sauti nzito, anayependa kushuka chini ya ile A, huwaacha wanaume njia panda: wakimfuata palepale, kiitikio kitawapandisha kuliko walivyozoea, wakishuka oktavu, ubeti unazama mpaka unakuwa mngurumo. Kiongozi mwenye sauti ya tena naye huwafanyia wanawake hivyohivyo kwa upande wa pili. Ubeti wake uko chini mno kwao, wanapanda oktavu, na kiitikio kikija kinawakuta dari limekwisha. Ukiona nusu ya ukumbi imenyamaza na nusu nyingine inaimba, usiwakemee kwamba hawamsifu Mungu. Angalia ufunguo kwanza.

Kupandisha ufunguo katikati ya wimbo kuna utamu wake, na nadhani tunautumia kupita kiasi. Ukijua utapandisha toni nzima, anza chini kwa toni hiyohiyo ili kilele cha mwisho kibaki kwenye D. Na wapigaji wapewe mlango: kutoka G kwenda A, baa moja ya kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) ya E, ambayo ni ya 5 ya ufunguo mpya, inatosha kuyavuta masikio ya watu wote. Wanaoruka bila hiyo kodi ndio wale unaosikia ubeti unaanza na sauti 3 tofauti. Vidole vinasaidia hapa. Timu iliyozoea kutaja kodi kwa namba, yaani katika G, 1 ni G, 4 ni C, 5 ni D na 6 ni E ndogo (E minor), inaweza kuhama ufunguo wowote bila karatasi, na kiongozi akaelekeza kwa mkono ulioshushwa mgongoni. Ngumi maana yake tunakata. Kila timu ina ishara zake. La msingi ni kwamba mpiga dramu anazijua pia, kwa sababu yeye ndiye husahaulika.

Mwendo wa wimbo ni jambo la pili linaloharibika mbele ya watu. Mazoezini wimbo wa kuabudu ulikuwa mapigo 72 kwa dakika. Siku ya ibada damu imechemka na dramu zinausukuma hadi 80. Inaonekana tofauti ndogo. Lakini mstari wa mapigo 8 uliochukua karibu sekunde 6.7 sasa unachukua sekunde 6 kamili, na nafasi ya kuvuta pumzi imeliwa hapo hapo. Watu huanza kukata maneno ya mwisho ya mistari bila kujua kwa nini. Kiongozi aliyezoea kliki (mlio unaohesabu mapigo) masikioni hana tatizo hili. Asiye nayo aimbe kiitikio kimoyomoyo kabla ya kuhesabu, si ubeti, kwa kuwa ubeti una maneno mengi na humdanganya mtu aanze haraka.

Kwa dakika 25, nyimbo 4 zinatosha: 2 za kusifu za dakika 4 kila moja, 2 za kuabudu za dakika 7 kwa sababu zitarudiwa. Hizo ni 22, zinazobaki ni za kuombea na kuvuka kutoka wimbo hadi wimbo. Nyimbo zinazofuatana zikae funguo zilizo jirani, G na D, au G na C. Toka kwenye mapigo 128 kwenda 70 kwa kukata, usipunguze polepole. Mpiga kinanda ashikilie sauti ndefu, kiongozi aseme sentensi moja, wimbo mwingine uingie. Sentensi moja, nasema. Nyimbo nyingi nzuri zimezikwa chini ya mahubiri madogo ya kiongozi wa sifa.

Mazoezi ndiyo sehemu ambayo watazamaji hawaioni na ndiyo inayotenganisha timu. Kosa kubwa ni kuyafanya darasa la kujifunza maneno. Sauti iliyorekodiwa, maneno na ufunguo uliokubaliwa vitumwe siku 5 kabla. Anayekuja bila kusikiliza ataonekana. Kwa mazoezi ya saa 2, robo saa ya kwanza ni ya kupasha sauti, dakika 45 waimbaji wako upande wao wakipanga sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu huku wapigaji wakipanga mianzo na miisho, kisha saa nzima pamoja. Na hiyo saa ya pamoja isiishie kwenye kuimba nyimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Chukua baa 4 za mwisho za wimbo wa kwanza na baa 4 za kwanza za wimbo wa pili, uzirudie mpaka zishikane. Ibada haivunjiki katikati ya wimbo. Inavunjika pale mmoja anapomaliza, mwingine anadhani kiitikio kinarudiwa, na wa tatu amekwisha kuhesabu wimbo unaofuata.

Maiki ishikwe kwenye mpini, sentimita 2 hadi 5 kutoka mdomoni, na kwenye nota za juu isogezwe kidogo pembeni. Wanaokifunika kichwa cha maiki kwa kiganja, kwa kuiga walichoona kwenye video, wanaziba matundu yanayoifanya isikilize upande mmoja. Inaanza kusikiliza kila upande, sauti ya monita (spika inayomrudishia muimbaji sauti) inarudi ndani yake, na mlio mkali unafuata. Analaumiwa fundi mitambo. Maiki ya kawaida ya jukwaani husikia kidogo kabisa kutoka nyuma yake, kwa hiyo monita ikae hapo, mbele ya miguu, ikiuelekea mkia wa maiki. Mwambie fundi akate sauti za chini ya hezi 100 kwenye maiki za waimbaji. Hakuna neno la maana huko, ni mshindo wa miguu na pumzi. Na kwenye monita omba sauti yako, kinanda na dramu kidogo, basi. Kila mtu akitaka kila kitu, hakuna atakayejisikia, na asiyejisikia anakaza koo bila kujua.

Nakuja kwenye koo lenyewe. Kupasha sauti kwa dakika 10 hadi 15, kwa kutetemesha midomo au kuvumisha sauti kupitia mrija mwembamba, kunafaa kuliko kuimba kwa nguvu chumba cha nyuma. Maji yanywewe tangu jana yake. Ukimeza maji jukwaani yanakwenda tumboni, hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Zinalowana kwa kuwa mwili mzima una maji ya kutosha, na hilo huchukua saa kadhaa. Pipi za kutia ganzi ni hatari kwa sababu zinazima maumivu, na maumivu ni onyo. Kunong'ona si kupumzisha sauti. Wengi wanaponong'ona hukaza koo kuliko wanapoongea taratibu.

Lakini nikiulizwa ni nini hasa kinawamaliza viongozi wa sifa, sitataja nyimbo. Nitataja maombi. Mtu anaimba kwa ustadi dakika 25, pumzi imetoka tumboni, sauti imekaa mbele, kisha anaanza kuomba kwa kukemea na ustadi wote anauacha pale. Dakika 10 za namna hiyo ni nzito kuliko nyimbo zote 4, na kama kuna ibada ya pili, anaingia akiwa tayari amekwaruzika. Anayejua hili anaomba kwa sauti ileile ya kuimba, karibu na maiki, na kuiacha spika ifanye kazi. Sauti ikikwaruza kwa wiki 3 hadi 4 bila kupona, apimwe na daktari wa masikio, pua na koo anayeweza kuziangalia nyuzi zenyewe. Vinundu vikigunduliwa mapema, mara nyingi hutibika kwa mazoezi ya sauti bila upasuaji. Anayengoja mpaka msimu wa mikutano upite huwa anangoja sana.

Studio nitaipita haraka. Usirekodi sauti kuu siku inayofuata ibada. Rekodi mara 3 hadi 5 kamili kabla ya kuanza kuokota mstari mmoja mmoja. Ukirekodi ibadani, weka maiki 2 za kusanyiko zikiwa zimezipa spika mgongo, la sivyo utapata mwangwi mtupu na hutasikia watu.

Karatasi ndizo zinazoleta uadui. Wimbo una mali mbili, utunzi wenyewe na rekodi yake, na wenye haki wanaweza kuwa tofauti. Kabla hamjatoka studio, andikeni nani alitunga maneno, nani alitunga melodia, kwa asilimia, na kila mmoja asaini. Mpiga kinanda aliyeleta melodia ya kiitikio ni mtunzi. Aliyepiga vizuri kilichokwisha kutungwa ni mpigaji, alipwe kama mpigaji. Kanisa likigharamia rekodi, iandikwe rekodi ni ya nani. Pambio la zamani lisilo na mtunzi anayejulikana huwezi kulisajili kuwa lako. Unachoweza kudai ni mpangilio wako. Kila rekodi ipewe namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, na toleo la moja kwa moja lipate namba tofauti na la studio. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa, kwa hiyo karatasi hiyo itasomwa na watoto ambao leo hawajazaliwa.

Thomas A. Dorsey, anayeitwa baba wa muziki wa injili Marekani, alilielewa hili mapema. Alikuwa mpiga piano wa blues aliyempigia muimbaji wa blues Ma Rainey kabla ya kuongoza kwaya Chicago, na tangu miaka ya 1930 alichapisha nyimbo zake mwenyewe na kuziuza kwa karatasi za nota. Muimbaji wa injili Mahalia Jackson alikuwa akiziimba mbele ya watu ili karatasi zinunuliwe, na yeye naye aliendesha saluni. Wote wawili walitumika madhabahuni, na hakuna aliyetegemea sadaka peke yake. Mialiko nayo iandikwe: nauli, malazi, idadi ya nyimbo, bendi au muziki wa kurekodi, nani analeta vyombo. Anayeona aibu kuuliza kabla ya kusafiri atanung'unika akirudi.

Kazi ya mwisho ni kuandaa mwingine. Mpe wimbo wa pili kwenye orodha, si wa kwanza, kwa sababu wa kwanza unabeba makosa ya mitambo na ukumbi uliopoa. Abaki nao huohuo wiki kadhaa kabla ya kuongezewa. Na daftari la nyimbo mpatie likiwa na funguo mbili kwa kila wimbo, ule uliorekodiwa na ule wa kusanyiko. Huu wa pili asiusogeze zaidi ya nusu toni 2 kwa ajili ya sauti yake. Ukimshinda hapo, aanzishe tu wimbo na ampe maiki mwenzake anayeuweza.